Fundi amesema laptopu yangu imekufa. Mbona inawaka?

“Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu niliyonunua mwaka 2017. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha saba, RAM ni GB 8, diski ni ile ya kawaida ya TB 1, na natumia Windows 10. Kazi zangu ni kutafsiri nyaraka na kutunza hesabu za kikundi chetu, basi. Kila mara skrini inaniletea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho, na nikijaribu kuhamia Windows 11 naambiwa kompyuta hii haikidhi vigezo. Nilimpelekea fundi, akasema hiyo imeshakufa, ninunue mpya. Mpwa wangu anasema niweke Linux. Rafiki yangu anasema niweke antivirusi nzuri, mengine nisahau. Kompyuta inawaka, ila imekuwa nzito: napoteza kama dakika sita kabla ya kufungua faili la kwanza, na siku hizi ile sehemu ya kuteleza kidole imeinuka kidogo upande mmoja, haibonyei sawasawa. Sitaki kununua kitu nisichokihitaji, lakini naogopa kupoteza kazi za miaka yote hii. Je, nimefika mwisho, au tunachezewa?”

Ndugu yangu, nitaanza na jambo uliloligusa kwa nusu sentensi, maana ndilo pekee katika barua yako lisilosubiri kesho. Sehemu ya kuteleza kidole haiinuki yenyewe. Katika laptopu nyingi betri imelala chini yake au jirani yake, na betri ya lithiamu ikizeeka hutoa gesi ndani ya mfuko wake. Mfuko unavimba, unasukuma kilicho juu. Zima kompyuta, chomoa chaja, iweke juu ya meza tambarare, kisha iguse pembeni. Ikiyumba kama meza yenye mguu mfupi, au ukiona mfuniko wa chini umeachana kwenye maungio, usiichaji tena na usijaribu kuibonyeza ili ikae sawa. Betri iliyovimba ikitoboka inaweza kushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Hapo hakuna ushauri wa kusoma kwenye skrini: mpelekee fundi aitoe, na isitupwe kwenye taka za nyumbani. Laptopu nyingi huendelea kufanya kazi kwa chaja peke yake betri ikiwa nje, na kuweka betri mpya hakugusi faili lako hata moja. Huenda ni skrubu iliyolegea tu na nimekutisha bure. Afadhali nikutishe.

Sasa tuje kwenye kifo alichokutangazia fundi.

Kilichokwisha ni ahadi ya mtengenezaji, na tarehe yake inajulikana: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, mfumo ulioingia sokoni Julai 2015. Ndani ya mashine yako hakuna kilichozimwa. Nyaraka zinafunguka, printa inachapa, kivinjari kinaingia mtandaoni kama jana. Ndiyo maana watu wengi huliona lile tangazo kuwa kelele za wauzaji, wakalifunga na kuendelea na shughuli zao. Nawaelewa, ila kuna kitu hawakioni.

Mfumo mkubwa kama Windows una mamilioni ya mistari ya msimbo iliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Baadhi ya makosa hayo ni matundu ambayo mtu wa nje anaweza kupenya. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuyaziba. Wengi hawajui kwamba kiraka ni ramani pia. Mdukuzi hulinganisha faili la kabla ya kiraka na la baada yake, anaona ni mstari gani umebadilika, na kutoka hapo anajua tundu lilikuwa wapi. Windows 11 ilijengwa juu ya msingi wa Windows 10, kwa hiyo sehemu kubwa ya msimbo ni ileile. Kila mwezi Windows 11 inapozibwa, mwenye Windows 10 asiyepata viraka anakuwa ametangaziwa hadharani mlango wake ulio wazi. Wahenga walituambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini hapa ufa uko kwako na udongo wa kuziba uko ghalani kwa mwenyewe.

Hili si la kubuni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kikajisambaza kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa bado na mifumo iliyokwisha kuachwa.

Hapo rafiki yako wa antivirusi amejibiwa nusu. Antivirusi hutambua programu mbaya kwa orodha na kwa tabia zake, haizibi tundu. Na usinunue nyingine: Microsoft Defender iliyomo tayari ndani ya Windows 10 yako itaendelea kuletewa orodha mpya hadi Oktoba 2028. Iache ifanye kazi yake, usiidai kazi ya kiraka.

Wala sitaki ukose usingizi. Kompyuta ya mtu mmoja, nyuma ya ruta ya nyumbani, isiyo na programu za kuchakachua, haivamiwi usiku wa kwanza baada ya tarehe ya mwisho. Hatari inapanda mwezi kwa mwezi. Na hadi leo watu wengi zaidi huibiwa kwa kuandika nywila zao kwenye ukurasa bandia au kwa kufungua kiambatisho cha “ankara” wasiyoijua, jambo ambalo Windows 11 haikukingi nalo kikamilifu.

Umeuliza kama tunachezewa. Kwa maoni yangu, nusu ndiyo.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 ikidai vitu viwili vilivyowatoa wengi nje: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Chipu hiyo ina kazi ya kweli. Hutunza funguo za diski mahali ambapo virusi hawafiki kirahisi, na mwizi akichomoa diski yako iliyofungwa kwa funguo hizo akaichomeka kwenye kompyuta nyingine hawezi kuisoma. Kuna haja ya kulikubali hilo. Lakini mashine mpya za Windows 10 zilitakiwa kuwa na TPM 2.0 tangu katikati ya mwaka 2016, kwa hiyo ya kwako ya 2017 huenda inayo. Inachokataliwa nacho ni kizazi cha prosesa: kwa Intel, orodha inaanza kizazi cha nane. Wewe una cha saba. Umekosa basi kwa hatua moja.

Kampuni ilijitetea kwamba kwenye majaribio, mashine zisizotimiza vigezo zilianguka kwa hitilafu nzito kwa asilimia 52 zaidi ya zile zinazotimiza. Siwezi kuwaita waongo. Ila kuna prosesa moja ya kizazi chako hichohicho cha saba, Core i7-7820HQ, iliyoongezwa kwenye orodha baadaye kwa baadhi ya mashine. Ndiyo iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ghali iliyotengenezwa na Microsoft yenyewe. Sheria ilipofika mlangoni kwa mwenye sheria, ikainama kidogo ipite.

Na viraka vya Windows 10 havijaacha kutengenezwa. Makampuni yanaweza kuvinunua kwa miaka mitatu, hadi Oktoba 2028. Kuna toleo la Windows 10 la mitambo maalumu, kama ya malipo na ya viwandani, ambalo lina ahadi ya viraka hadi Januari 2032. Hivyo ukiambiwa teknolojia yako imezeeka, elewa kuwa mahali fulani kuna mtu analipwa kuishonea viraka mpaka mwaka huo. Muda wa msaada ni uamuzi wa kibiashara, na uamuzi hubadilika watu wakisema. Mwaka 2023 Google ilirefusha masasisho ya Chromebook hadi miaka 10. Ufaransa, tangu Januari 2021, laptopu inauzwa ikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kuitengeneza, na kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi ni kosa la jinai huko tangu 2015. Wakati huohuo mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na hata robo haikuandikwa popote kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Laptopu yako inaombwa ikajiunge na lundo hilo kwa ajili ya namba moja.

Haya, tuache siasa, maana hazitafungua faili lako.

Dakika sita zako hazihusiani na Windows kufika mwisho. Mhusika ni diski. Diski ya kawaida ni sahani inayozunguka, kwenye laptopu mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahama huku na huku kama mtu anayetafuta kurasa kwenye vitabu mia kwa wakati mmoja. Kichwa hicho kinaweza kuokota vipande vidogo kama mia moja kwa sekunde. Windows 10 ikiwaka inataka vipande maelfu kwa maelfu. SSD, yaani diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka, na huokota makumi ya maelfu kwa sekunde. Ukitaka kuhakikisha, iwashe, fungua Kidhibiti Kazi (Task Manager) kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, na uangalie safu ya diski. Ikiwa imeng'ang'ania karibu na asilimia 100 huku prosesa inapumzika, mshukiwa amepatikana. GB 8 za RAM zinatosha kwa kutafsiri na kutunza hesabu, kwa hiyo usikubali kuuziwa RAM kwanza. Katika miaka yangu ya kazi hii sijaona matengenezo yanayomshangaza mwenye kompyuta kama kubadilishiwa diski. Wengine hunirudia kuuliza kama nimewabadilishia na mashine.

Isitoshe, diski inayozunguka iliyofikisha umri huo ni ya kuogopwa kuliko mdukuzi yeyote. Unasema unaogopa kupoteza kazi zako. Kwangu hiyo ndiyo hofu ya kuanza nayo, mbele ya Windows. Kabla ya fundi yeyote kushika bisibisi, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, halafu nakala ya pili iwe mahali pengine, iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au nyumba nyingine. Kisha fungua mafaili matano au sita kutoka kwenye nakala, uyasome. Kama ni betri iliyovimba, fanya hivi ikishatolewa, kwa umeme wa chaja. Nasisitiza kwa aibu yangu: zamani niliwahi kuhamisha diski ya mtu nikakosea upande, nikanakili diski tupu juu ya iliyojaa. Ilichukua kama nusu saa, na mstari wa maendeleo ulitembea vizuri kabisa hadi mwisho. Kilichoniokoa ni kwamba mwenyewe alikuwa na nakala. Na kama Windows yako imefunga diski kwa BitLocker, kufuli lake la kuficha data, tafuta ufunguo wake wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft kwanza, la sivyo mabadiliko fulani ya ndani ya mashine yanaweza kukufungia nje ya mali yako.

Sasa njia ulizonazo. Ya kwanza ndiyo ambayo fundi hakukutajia: Microsoft inatoa viraka vya ziada kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft, na unajiunga kwenye Mipangilio, ukurasa wa Windows Update. Njia ya bure ni kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Asiyetaka hulipa dola 30 za Marekani mara moja tu, au hutumia pointi 1,000 za mpango wao wa zawadi. Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa masharti mepesi zaidi, bure, baada ya watetezi wa walaji kupiga kelele. Ukijiunga mapema au ukichelewa, mwisho ni uleule. Ni muda wa kununua utulivu, si makazi ya kudumu.

Ya pili ni kuilazimisha Windows 11 iingie. Inawezekana, programu ya Rufus hutengeneza flashi inayoruka vile vigezo, na prosesa yako ina uwezo wa kuiendesha. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya masasisho, na toleo jipya la kila mwaka utalazimika kuliingiza kwa mkono. Kwa kijana anayependa kuchokonoa kompyuta wikendi, sawa. Kwa mtu mwenye hesabu za watu wengine ndani ya mashine, nisingefanya.

Ya tatu ni ya mpwa wako, na kuhusu mashine yuko sahihi kabisa. Linux Mint, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, itakaa ndani ya laptopu yako bila kuhema, inapata viraka vya bure, haikulazimishi kufungua akaunti ya mtu, na sura yake haitamshangaza aliyezoea Windows. Swali ni kazi yako. LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, lakini waraka wenye majedwali na mapambo mengi unaweza kurudi kwa mteja umesogea, na jedwali la hesabu lenye makro, zile amri za kujiendesha, huenda lisifanye kazi mpaka liandikwe upya. Kama unatafsiri kwa Trados Studio, programu ya watafsiri, hiyo ni ya Windows tu. OmegaT, nyingine ya aina hiyo, inafanya kazi kote. Printa nyingi hukubali mara moja, baadhi hugoma moja kwa moja. Uzuri ni kwamba Mint unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaa nayo wikendi nzima: fungua waraka wako mgumu kuliko yote, chapa ukurasa, ingia kwenye benki yako, unganisha Wi-Fi. Na jiulize, mpwa akiwa mbali na mashine ikagoma saa tatu za usiku, utampigia nani? Sikukatazi. Nimeona watu wazima wasiojua kitu wakiishi na Linux miaka bila kumsumbua mtu, na nimeona vijana mahiri wakirudi Windows ndani ya wiki kwa sababu ya programu moja tu.

Kununua ni ya nne, na itakuwa sahihi siku utakapokuwa na programu ya kazi inayodai Windows 11 au siku mazabodi, bao kuu la ndani ya kompyuta, itakapokufa kweli. Siku hiyo iliyotumika itakutosha, mradi prosesa iwe ndani ya orodha, na muuzaji akufungulie mfuniko uone kama RAM na diski vinachomoka. Nyingi za siku hizi RAM imechomelewa kwenye mazabodi, na ukiinunua hivyo bila kujua umenunua mbuzi kwenye gunia. Jihadhari pia na mashine inayouzwa na Windows “ya bure” iliyochakachuliwa. Ile programu ya kuichakachua mara nyingi huja na wageni wake.

Ningekuwa wewe, ningefuata mpangilio huu: betri leo, nakala mara betri itakapokuwa salama, viraka vya ziada siku hiyohiyo, SSD ndani ya mwezi, na Linux ya kwenye flashi kila nikipata nafasi, hadi nijue kama kazi yangu inahamishika. Ikihamishika, hama kabla ya Oktoba 2026. Isipohamishika, utakuwa umekusanya fedha ya nyingine polepole, bila kukimbizwa na tangazo.

Ukienda kwa fundi, awe huyo au mwingine, usimuulize kama kompyuta imekufa. Mwambie unataka betri ikaguliwe na diski ibadilishwe iwe SSD, na umuulize kama aina yako inakubali SSD ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2. Asiyejua kutofautisha, mshukuru uondoke. Kama diski itaanza kutoa sauti ya kugongagonga kabla hujanakili, zima na usiiwashe tena kujaribu bahati. Mtafute anayeokoa data, kwa sababu kila ukiiwasha unampunguzia cha kuokoa. Ikiwa yote yameenda salama, dai diski yako ya zamani urudi nayo nyumbani. Iweke kwenye kasha la USB na uifungie kabatini kama nakala ya tatu. Usimwachie mtu dukani: nyaraka za wateja wako na hesabu za kikundi bado zimo ndani.